Najisi ni Mbwa au ni Kamari?

Ndugu msomaji, yametokea maneno katika mtaa wetu, na kwa kuwa maneno yenyewe yametoka barazani yakaingia majumbani, na kutoka majumbani yakafika hata mlangoni mwa msikiti, tumeona si vyema kuyanyamazia.

Binti wa jamaa zetu, mzaliwa wa Mji wa Kale hapa Mombasa, anaishi kaskazini ya Uingereza na kazi yake ni uuguzi katika hospitali ya wanyama. Msimu wa baridi uliopita aliletwa hospitalini hapo mbwa wa mbio aliyevunjika mguu wa nyuma uwanjani. Mwenyewe alikwisha piga hesabu yake njiani. Kumtibu ni fedha nyingi, na mguu ule hata ukiunga hautashinda tena. Akaomba mbwa apigwe sindano ya kumaliza maisha. Binti yule na wenzake wakamsihi awaachie. Akatia sahihi, akenda zake, wala hakugeuka kumtazama mnyama aliyemtumikia. Mbwa akapasuliwa, akatiwa skurubu, akafungwa gango. Na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kumweka mpaka apone, binti akamchukua nyumbani kwake kwa wiki saba.

Picha ikaja katika simu ya mama yake, na hapo moto ukawaka. Shangazi mtu akasema ametia aibu ukoo. Mzee mmoja barazani akacheka, akasema: "Tulimpeleka Ulaya akasome, ameishia kuosha mbwa." Mwengine akapitisha hukumu kabisa kwamba sala za binti huyo hazifai, na fedha alizotoa kwa ajili ya mbwa ni israfu, bora angeliwaletea mayatima. Mama wa watu amelia siku mbili. Alipompigia simu mwanawe, akamwambia: "Mwanangu, umenivua nguo mbele za watu." Binti akajibu: "Mama, nisamehe. Lakini alikuwa akinitazama."

Hatuandiki haya kwa kuwa ni jamaa yetu. Angekosea tungesema amekosea. Twaandika kwa sababu waliomlaumu wamechanganya mambo matatu ambayo sheria yetu imeyatenga, nayo ni unajisi wa mwili wa mbwa, hukumu ya kumfuga, na haki ya kiumbe aliyeumia. Na twaandika zaidi kwa sababu liko jambo la nne, ambalo ndilo hasa lililouvunja mguu ule, na katika makelele yote hayo hatukumsikia hata mmoja akilitaja. Jambo hilo ni kamari.

MBWA HUYU NI NANI

Kwanza tumjue huyu tunayemsemea. Yeye si koko wa jalalani wala si mbwa wa mlinzi. Ni wa jamii iitwayo greihaundi, ndugu wa yule saluki ambaye Waarabu wa jangwani wamewinda naye sungura na paa tangu zama za kale, wakamheshimu hata wakamruhusu kuingia hemani. Ana kifua kipana, tumbo lililobonyea, miguu mirefu na ngozi nyembamba kama karatasi. Akitimka, mwendo wake hukaribia kilomita 70 kwa saa.

Uwindaji si mashindano ya viwanjani. Mmarekani aitwaye Owen Patrick Smith alitengeneza sungura wa bandia anayevutwa kwa mtambo, na mwaka 1919 ukafunguliwa uwanja wa namna hiyo huko Emeryville, California. Tarehe 24 Julai 1926 mchezo ukaingia Manchester, katika uwanja wa Belle Vue, na mwaka uliofuata ukafika Ireland na Australia. Uingereza mbwa sita huvalishwa vijoho vya rangi, nambari moja nyekundu, mbili buluu, tatu nyeupe na kuendelea. Hufungwa midomo, hutiwa katika vizimba, mlango hufunguka, na kwa muda wa nusu dakika tu mambo huwa yamekwisha. Watu hawaji kwa ajili ya nusu dakika hiyo. Huja kwa ajili ya fedha walizoziweka juu yake. Ondoa beti, na uwanja hubaki mtupu.

MGUU WA KULIA

Sasa tazama, ewe msomaji, jinsi mchezo unavyoumiza. Mbwa hukimbizwa wakizunguka kwa upande wa kushoto, pande zote mbili za dunia ni hivyo hivyo. Wafikapo penye kona kwa mwendo ule wote, uzito husukumwa nje, na mguu wa nyuma wa kulia hubeba mzigo usiokuwa wake. Ndani ya kifundo cha mguu huo mna kifupa kimoja cha katikati, si kikubwa, nacho hubanwa mzunguko baada ya mzunguko, mwezi baada ya mwezi, hata siku moja kikapasuka vipande. Madaktari wa wanyama waijua sana ajali hii. Huiona kwa mbwa wa mbio kuliko mbwa wengine, na huiona katika mguu wa kulia. Haiwezi basi kuitwa bahati mbaya, kwani bahati mbaya haichagui mguu.

Na kumtibu kuna elimu yake. Hupigwa picha ya eksirei ijulikane mfupa umepasuka vipande vingapi. Nusukaputi yake hutaka hadhari, kwa kuwa mwili wake hauna mafuta, na ziko dawa za usingizi ambazo mbwa wengine huamka kwazo upesi lakini yeye humkawilia mwilini. Baridi humwingia haraka akiwa mezani, lazima afunikwe. Daktari hurudisha vipande mahali pake, akavishika kwa skurubu, kisha mguu ukafungwa gango. Baada ya hapo ni subira. Wiki sita, saba, hata nane, mnyama aliyezaliwa kukimbia asikimbie, atolewe nje kwa kamba hatua chache na arudishwe, bendeji itazamwe isilowe wala isimkate ngozi. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya binti yule usiku akitoka zamu yake. Tumeieleza kwa urefu ili wale waliosema "kuosha mbwa" wajue walikuwa wakisema nini.

Wala si mbwa mmoja. Mwaka 2018 bodi inayosimamia mbio zenye leseni Uingereza ilitoa hesabu zake yenyewe: majeruhi 4,963 kwa mwaka huo, na mbwa zaidi ya 900 waliokufa au kuuliwa. Majeruhi wamepungua tangu hapo, lakini mwaka 2024 walikuwa bado 3,809. Na kabla ya hesabu hizo kutolewa, mwaka 2006 gazeti moja la London lilifichua habari ya mtu mmoja kaskazini mashariki ya nchi hiyo aliyekuwa akiua mbwa waliochoka kwa paundi 10 kila mmoja na kuwafukia kiwanjani pake. Ilikadiriwa ya kwamba katika miaka 15 aliua kiasi cha 10,000.

Huko Australia mambo yalitisha zaidi. Mwaka 2015 televisheni ilionyesha wafunzaji wakiwafunga wanyama hai, sungura na watoto wa nguruwe, kwenye mtambo ili mbwa wawararue na wapate ukali. Mwaka 2016 tume iliyoongozwa na jaji mstaafu Michael McHugh katika jimbo la New South Wales ikaeleza kuwa katika miaka 12 iliyotangulia mbwa hadi 68,448 waliuliwa kwa kosa la kutokuwa wepesi wa kutosha. Huko Macau, uwanja ulipofungwa mwaka 2018, mbwa zaidi ya 500 waliachwa vizimbani, ikabidi watu wa huruma wawatafutie makazi katika nchi za mbali.

HOJA ZA WENYE KULAUMU

Twende sasa kwenye hoja zao, moja baada ya moja, kwa uadilifu.

Wasema: mbwa ni najisi. Twasema: ndivyo, kwa madhhab yetu ya Shafi, na hatukuja kuibadilisha fiqhi kwa ajili ya picha ya simu. Ate lake na kila chake chenye unyevu ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja wapo kwa udongo. Maimamu wengine, kama Malik, waliona vingine, lakini tushike ya kwetu. Je, najisi ni dhambi? Damu ni najisi, na daktari huishika. Choo cha mzee mgonjwa ni najisi, na mwanawe humsafisha kila siku akapata thawabu. Najisi ni kitu cha kuoshwa, na Mwenyezi Mungu ametupa maji kwa kazi hiyo. Kikavu kwa kikavu hakitii najisi. Binti yule, kwa tulivyohakikisha, alimweka mbwa katika chumba cha nyuma, alivaa glavu, alikuwa na nguo mbali za kumhudumia na nguo mbali za kusalia, na chombo cha mbwa hakikuingia jikoni. Sasa ni nani aliyeibatilisha sala yake? Hukumu ya sala ya mtu haipitishwi barazani baina ya kahawa na kashata.

Wasema: Mtume (S.A.W.) amekataza kufuga mbwa. Twasema: ni kweli, imepokewa kwamba afugaye mbwa, ila wa kuwinda, wa kuchunga mifugo au wa kulinda shamba, ujira wa amali yake hupungua kila siku. Lakini huyu hakufugwa. Aliuguzwa. Alipopona alichukuliwa na jumuiya inayowatafutia makazi mbwa wa namna yake. Kufuga ni jambo moja, na kumwokoa anayekufa ni jambo jengine, na asiyeweza kuyatenga haya mawili asikimbilie kutoa fatwa.

Wasema: mbwa hana thamani, kufa kwake si neno. Hapa ndipo tunapowasimamia. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya yule mwanamke mchafu wa Bani Israil aliyemwona mbwa akizunguka kisima kwa kiu. Akavua kiatu chake akamtekea maji, na kwa jambo hilo akasamehewa. Imo pia habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza khofu yake maji, akaishika kwa meno akapanda nayo kumnywesha mbwa. Masahaba wakauliza kama kuna malipo kwa wanyama, wakajibiwa kuwa kwa kila kiumbe chenye ini lenye uhai kuna ujira. Na imo habari ya mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa njaa, na mwisho wake ulikuwa Moto. Katika Sura ya al-Kahf, mbwa wa vijana wa pangoni ametajwa amenyoosha miguu yake kizingitini, na kila ilipotajwa hesabu yao naye alihesabiwa. Katika al-Maida aya ya 4, kilichokamatwa na mnyama wa mawindo aliyefunzwa kimehalalishwa. Kitabu kilichompa mbwa nafasi zote hizo, sisi tutasema kufa kwake si neno?

Tena tusome fiqhi yenyewe. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu anachokijua kila aliyekaa darsani, mwenye mnyama amewajibishwa kumlisha na kumnywesha. Akikataa hulazimishwa. Akiwa mnyama wa kuliwa, amuuze au amlishe au amchinje, na akiwa si wa kuliwa, amuuze au amlishe. Kuua kwa sababu ya gharama hakumo. Na kwa kuwa mbwa kwetu hauzwi, imebaki kumlisha au kumpa mwengine. Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, alipozitaja haki za wanyama juu ya mwanadamu, alitaja matumizi yao hata wakizeeka au wakiugua maradhi ambayo hawafai kitu tena. Zaidi ya miaka mia sita ilikuwa imebaki kabla ya uwanja wa kwanza kufunguliwa huko California, na jawabu la mwenye mbwa yule limekwisha andikwa.

Wasema mwisho: fedha hizo bora wangepewa mayatima. Hii ndiyo hoja nzuri kuliko zote, lau ingesemwa na watu wenye kuwapa mayatima. Binti huyu hutuma fedha kila mwezi, na ada ya shule ya watoto wawili wasiokuwa na baba katika mtaa huu huu hutoka kwake. Aliyecheka barazani na atuonyeshe yatima wake. Huruma haipungui mtu akiitumia. Moyo uliozoea kumpita mbwa anayelia, kesho humpita mtoto.

MWENYE KOSA HASA

Tumemaliza ya mbwa. Sasa tuje kwa mtu.

Katika Sura hiyo hiyo ya al-Maida, aya ya 90, Mwenyezi Mungu ametaja ulevi na kamari, akaviita uchafu katika kazi ya Shetani. Zingatia hapo, ndugu yangu. Neno la uchafu katika aya hiyo wamewekewa kamari na wenzake. Mate ya mbwa huoshwa kwa maji mara saba na udongo mara moja, yakatoka. Fedha ya kamari utaiosha kwa maji gani?

Na hii si habari ya Uingereza peke yake. Pita katika maduka ya kubeti ya miji yetu, tazama vioo vya televisheni vilivyopangwa ukutani. Utawaona mbwa hao hao wenye vijoho vya rangi. Mara nyengine hata si mbwa wa kweli bali ni picha zilizochorwa na kompyuta, zikimbiazo kila baada ya dakika chache, asubuhi mpaka usiku. Na mbele yake wamekaa vijana wetu, wana wa masharifu na wana wa mabaharia, wameshika karatasi ambazo siku hizi huziita mikeka. Laiti mkeka wangeliujua ule wa msikitini! Kijana hupoteza nauli ya mama, hupoteza fedha ya dawa ya baba, kisha huingia nyumbani akaupiga teke mlango. Na baba huyo huyo, ambaye mwanawe amekula kodi ya nyumba kwa mbwa nambari tatu, ndiye anayekaa barazani kumcheka binti aliyemfunga mbwa bendeji!

Hatusemi kwa kusingizia. Mzee aliyecheka twamjua, na mwanawe twamjua, na duka analoingia twalijua. Majina tumeyaficha kwa kuwa kusitiriana ni katika dini. Lakini tunamwuliza: katika nyumba mbili hizi, ipi iliyoingiwa na najisi?

Watetezi wa mchezo husema mbwa mwenyewe hupenda kukimbia. Kweli hupenda. Na mtoto hupenda kucheza, je, tumcheze kamari? Mbwa hakuichagua kona, hakuiweka beti, hakutia sahihi karatasi ya kufa kwake. Sheria yetu ilipoyaruhusu mashindano yenye zawadi, ilitaja mishale, ngamia na farasi, mambo yaliyokuwa na manufaa ya jihadi. Mbwa hamo. Na kumfanya kiumbe hai shabaha, na kuwachochea wanyama wao kwa wao, yote mawili yamekatazwa kwa mapokezi yanayojulikana.

La kutia haya ni kuwa wengine wametutangulia. Wananchi wa Florida walipiga kura Novemba 2018 kuyakomesha mashindano haya, na mwisho wa mwaka 2020 viwanja vikanyamaza. Desemba 2024 serikali ya New Zealand ilitangaza kuyaondoa, na mwaka 2025 serikali ya Wales nayo ikatangaza nia hiyo. Wengi wao hawakusoma Minhaj. Sisi tuliokuwa nayo makabatini tunabishana kama binti ametia aibu.

NA HAPA KWETU

Tusije tukajiona watakatifu kwa kuwa hatuna viwanja vya mbwa. Tunao punda. Nani asiyemjua punda wa Lamu, mwenye vidonda mgongoni, aliyepakizwa mawe na mchanga kuliko nguvu zake, na mtoto juu yake amchapa kwa fimbo? Mwaka 1987 jumuiya ya Waingereza ilifungua mjini humo hospitali ya kutibu punda bila malipo. Mji wa Maulidi na maulamaa, na punda wake wakatibiwa na wageni! Twasema shukrani ya punda ni mateke. Haya, na shukrani yetu kwa punda ni nini? Na vijana wanaowapiga mawe mbwa wa mitaani, wakicheka hali watu wazima wanatazama, wamefunzwa na nani kwamba najisi maana yake ni ruhusa ya kutesa?

Basi shauri letu ni hili. Mama yake binti na afute machozi yake, kwani hakuna aliyemvua nguo. Amemlea mtoto aliyeikumbuka habari ya kisimani akiwa peke yake ugenini, usiku, pasi na mtu wa kumsifu. Shangazi na ampigie simu amtake radhi. Wazazi wote na wawaulize vijana wao, kwa upole kabla ya ukali, fedha zao zinakwenda wapi jioni. Walimu wa vyuoni, wanapofundisha mlango wa najisi, wasiufunge kitabu kabla ya kufundisha mlango wa matumizi ya wanyama, kwani mtoto anayejua la kwanza asijue la pili ameijua nusu ya dini yake, na nusu hiyo hiyo ataifanyia kiburi.

Ama yule mbwa, habari zake za mwisho ni kwamba mguu umeunga. Achechemea kidogo akishuka ngazi. Damu ya jamii yake hutafutwa sana na madaktari kwa kuwasaidia mbwa wengine walio mahututi, na yeye sasa hutolewa damu kwa kazi hiyo. Mwenyewe alimwona hafai kitu.

Mwenyezi Mungu atutie huruma katika nyoyo zetu, atusafishe na najisi inayoonekana na isiyoonekana, na awarejeshe vijana wetu kwenye mkeka wenye kheri. Amin.